Nina vyeti 9, mkutanoni sina la kusema: nirudi Dar es Salaam au nibaki Berlin?

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wa safu yako tangu nikiwa mwanafunzi, na sikudhani kwamba siku moja ningekuwa miongoni mwa wanaokuandikia. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ni uhandisi wa programu za kompyuta. Baada ya chuo kikuu nilifanya kazi Dar es Salaam kwa miaka 7 katika kampuni iliyokuwa ikiunganisha mifumo ya benki na huduma za pesa za simu. Tulianza watu wanne katika chumba kimoja Kijitonyama, na nilipoondoka nilikuwa msimamizi wa kikosi cha watu 11. Wakala akilalamika kwamba mteja wake amekatwa fedha na muamala haujafika, simu iliyolia ilikuwa yangu, hata saa nane za usiku.

Februari 2024 nilihamia Berlin kwa Kadi ya Bluu, kibali cha Umoja wa Ulaya kwa wafanyakazi wenye utaalamu. Kampuni iliyoniajiri nayo inashughulika na malipo, hivyo nilidhani naingia katika maji niliyoyazoea. Cheo nilichopewa kilikuwa chini ya kile nilichokiacha, lakini nilikubali kwa sababu ya mshahara, na kwa sababu niliambiwa kwamba baada ya mwaka mmoja nitafikiriwa kupandishwa.

Mwaka umepita, na nusu ya mwingine pia, nami niko palepale. Tatizo si kazi yenyewe, maana kila ninachokabidhiwa nakimaliza. Tatizo ni mikutano. Kila wiki tunakaa kujadili jinsi mfumo utakavyojengwa, na huko kila mtu hubishana na kila mtu: kijana wa miaka 24 anamwambia mkuu wa idara, mbele ya watu wote, kwamba wazo lake halifai, na mkuu hakasiriki bali anamwuliza kwa nini. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akisema unanyamaza, na ukiwa na neno unamfuata baadaye pembeni. Ninapokuwa nimekamilisha sentensi yangu ya Kiingereza kichwani, mazungumzo yameshahamia kwingine, na mara nyingine yameshahamia Kijerumani kabisa.

Nikupe mfano mmoja ambao bado unaniuma. Mwezi Mei tulijadili sehemu mpya ya mfumo, nikaona papo hapo kwamba mtandao ukikatika kati ya ombi na jibu, mfumo utatuma ombi la pili bila kuhakikisha kama la kwanza lilifika, na mteja atakatwa fedha mara mbili. Tatizo hilo nalijua tangu Kijitonyama. Sikusema. Nilirudi nyumbani, nikakesha, nikaandika marekebisho na kuyapenyeza ndani ya kazi nyingine niliyokuwa nayo, na hakuna aliyejua. Wiki sita baadaye mwenzangu mmoja aligundua kasoro ileile katika sehemu nyingine ya mfumo, akaisema mkutanoni, na mwezi uliofuata akapandishwa cheo. Katika mazungumzo yangu ya tathmini meneja aliniambia: "Kazi yako ni safi, lakini hatujui unafikiri nini."

Jibu langu kwa haya yote limekuwa kusoma. Kwa miezi 18 nimepata vyeti 9, vya usalama wa mitandao, vya usimamizi wa data, vya kuendesha mifumo kwenye seva za mbali, hata cha usimamizi wa miradi. Naamka saa kumi alfajiri, nasoma hadi saa mbili asubuhi, na Jumapili nasoma mchana kutwa. Mpira nimeuacha na marafiki wamepungua. Kijerumani nilikiachia kiwango cha A2, yaani ngazi ya pili kati ya sita za kupima lugha zinazoanzia A1, kwa kuwa lugha rasmi ya ofisi yetu ni Kiingereza.

Mke wangu ni muuguzi katika hospitali moja ya serikali huko Tanga, na tuna binti wa miaka 4. Mpango ulikuwa wanifuate baada ya miezi sita, lakini nimekuwa nikisema tusubiri kwanza nipande cheo, nipate na nyumba kubwa zaidi. Kila mwezi natuma euro 700 kwa ajili yao, kwa ajili ya mama yangu na ada ya mdogo wangu aliye chuoni, na huko nyumbani wote wanaamini mambo yangu ni mazuri.

Sasa kampuni moja ya Dar es Salaam imenitaka niwe mkuu wa mifumo yake, na inataka jibu kabla ya mwisho wa Septemba hii ya 2025. Mshahara ni karibu nusu ya ninaoupata hapa, lakini nitakuwa na cheo, watu na lugha yangu. Rafiki yangu ananishauri nivute muda hadi Novemba, nitimize miezi 21, nichukue kibali cha ukaazi wa kudumu, kisha nirudi Dar nikiwa na bima mfukoni, ili mambo yakiharibika nirejee Berlin. Upande mwingine, nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili kwa njia ya masafa, na huenda ikawafanya wanione. Nyumbani sijamwambia mtu lolote, nisije nikawavuruga. Je, nirudi, nisubiri kibali, au nisome?

Msomaji wako, Berlin.

—

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na kibali, kwa kuwa ndicho chenye tarehe, na kwa kuwa rafiki yako amekupa nusu ya habari.

Ni kweli kwamba mwenye Kadi ya Bluu nchini Ujerumani anaweza kupata ukaazi wa kudumu mapema kuliko wageni wengine. Sheria inataka awe amefanya kazi na kuchangia mfuko wa pensheni kwa miezi 27, akiwa na Kijerumani cha kiwango cha A1, na muda huo hupunguzwa hadi miezi 21 kwa aliyefikia B1. Wewe umeniambia kwa mkono wako mwenyewe kwamba uliishia A2. Kwa hiyo hiyo Novemba unayoihesabu si yako. Tarehe yako, kwa lugha uliyo nayo leo, ni Mei 2026. Vyeti 9 umevipata, na kile kimoja ambacho ofisi ya uhamiaji ingekuuliza hukukitafuta.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kibali hicho huitwa cha kudumu, lakini hudumu kwa anayekaa. Ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 bila kupewa na ofisi hiyo muda mrefu zaidi kabla ya kurejea, kinakoma. Na ukiondoka kwa nia ya kuhama moja kwa moja, kinakoma tangu siku unapoondoka. Kadi ya Bluu yenyewe imepewa uvumilivu wa miezi 12, lakini kanuni ya nia inaihusu vilevile. Mtu aliyeajiriwa Dar es Salaam kuwa mkuu wa mifumo hawezi kusema kwamba amekwenda matembezi. Bima anayokusifia rafiki yako haipo, na usipange maisha ya watu watatu juu yake.

Hata hivyo usitishike kana kwamba ukiondoka umeziba njia. Mwenye shahada na uzoefu kama wako anaweza kuomba Kadi ya Bluu upya akipata ajira yenye mshahara unaotakiwa, na tangu Novemba 2023 Ujerumani imelegeza masharti hata kwa wataalamu wa kompyuta wasio na shahada, mradi wawe na uzoefu wa miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita. Michango yako ya pensheni, ambayo ni asilimia 9.3 ya mshahara, nayo haijatupwa baharini: Mtanzania aliyeondoka Umoja wa Ulaya akiwa hajafikisha miezi 60 ya michango anaweza kudai arudishiwe sehemu yake baada ya kusubiri miezi 24, ingawa sehemu aliyochangia mwajiri hairudi. Na kwa kuwa najua swali litafuata, uraia ni habari nyingine kabisa: Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja tangu Juni 2024, lakini Tanzania bado haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Tuuache.

Sasa turudi kwenye ule usiku wa Mei. Nikiri kwamba mimi nilianza kazi kwa taipureta, na yale uliyoyaeleza kuhusu ombi linalotumwa mara mbili nililazimika kumwuliza mpwa wangu, ambaye anafanya kazi kama yako. Alinieleza kwa mfano wa mama anayelipia umeme kwa simu, mtandao ukakatika, akabonyeza tena, na fedha zikaondoka mara mbili. Kisha akasema, bila mimi kumwuliza, kwamba mtu anayeliona hilo kwenye mchoro kabla mfumo haujajengwa ni mtu wa kuajiriwa. Pesa za simu zilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008, na waliozijenga walijifunza kazi juu ya mitandao inayokatika kila siku. Mhandisi aliyekulia mahali ambapo mtandao haukatiki hukumbuka kukatika kama jambo la nadra, la kushughulikiwa mwishoni. Wewe unaanzia hapo. Elimu hiyo hukuipata kwa cheti, nayo ndiyo uliyoificha.

Nitakukaripia kidogo, kama ningemkaripia mwanangu wa kumzaa. Kupenyeza marekebisho ndani ya kazi nyingine unakuita adabu, na wengine wangekuita unyenyekevu. Mpwa wangu alikuita hatari, kwa sababu atakayekuja kubadilisha sehemu ile mwakani hatajua kwa nini umeandika ulivyoandika, ataona mistari isiyo na maana kwake, ataifuta, na wateja watakatwa mara mbili. Hata kwetu pwani, abiria anayeona dau linavuja akanyamaza kwa kumheshimu nahodha hasifiwi kwa malezi mema. Mama yako alikufundisha kutomjibu mkubwa kwa dharau, na fundisho hilo ulishike mpaka uzeeni, lakini sidhani kwamba alikufundisha kuacha fedha za watu zipotee.

Simlaumu mwenzako aliyepandishwa, wala wewe usimlaumu. Naye meneja wako hakukosea sana, ingawa angeweza kukuuliza mapema zaidi. Neno lake kwamba hawajui unafikiri nini ni habari yenye manufaa kuliko vyote ulivyosoma alfajiri. Mwombe mazungumzo ya nusu saa. Mweleze marekebisho ya Mei, umwonyeshe yalipo, na mkubaliane yaandikiwe maelezo. Umwombe vigezo vya cheo kinachofuata kwa maandishi, na tarehe ambayo mtavipitia pamoja. Hili la vigezo usilionee haya, kwa kuwa huombi fadhila.

Kwa mikutano yenyewe, sitakuambia uwe mtu mwingine ndani ya wiki moja. Barua yako inaonyesha kwamba unaandika vizuri na kwa mpangilio, basi uanzie kwenye nguvu yako. Siku moja kabla ya mkutano wa wiki, watumie wote ukurasa mmoja: jambo linalojadiliwa, wapi litavunjika, kwa nini, na wewe unapendekeza nini. Utakapoingia chumbani utakuwa umeshasema, na watakaobisha watabisha na karatasi kabla ya kubisha nawe, jambo ambalo ni rahisi zaidi kulivumilia. Mwombe pia mwenzako mmoja unayemwamini akuulize kwa jina, "Wewe unaonaje?", kabla mjadala haujafungwa. Hayo mawili tu kwa miezi mitatu.

Shahada ya uzamili, hapana. Sisemi hivyo kwa kudharau elimu, maana nimewasukuma wengi warudi darasani kupitia safu hii, lakini wewe unasoma ili usihukumiwe, na kwa mtu anayesoma kwa sababu hiyo hakuna cheti kitakachotosha. Vyeti vingi vya kompyuta, nimeambiwa, huisha muda baada ya miaka 2 au 3, na mwenye navyo hulazimika kufanya mtihani upya. Ukiendelea hivi utakuwa mlinzi wa ghala la karatasi zinazooza. Zile saa za alfajiri zipunguze zibaki mbili, na zote uzipeleke kwenye Kijerumani. Vyuo vya elimu ya watu wazima vya wilaya za Berlin vina madarasa ya jioni kwa ada nafuu, na kutoka A2 kwenda B1 ni safari ya miezi michache kwa mtu anayejibidiisha kama wewe. Faida ya kibali umeshaiona. Nyingine ni ile uliyoitaja mwenyewe bila kuikazia, kwamba mazungumzo huhamia Kijerumani. Yanapohamia huko ndipo watu wanapoongea kwa uwazi zaidi, na wewe wakati huo unatazama kikombe. Jumapili urudi mpirani.

Kuhusu kiti cha Dar es Salaam, nitasema nionavyo, nawe uko huru kunikatalia. Kurudi si kushindwa, na kampuni zetu zinahitaji watu waliotoka wakaona. Lakini ukirudi sasa utakuwa umekwenda kukaa mahali ambapo cheo kinakuondolea ulazima wa kubishana, ambapo wewe ndiye mkubwa anayesema na wengine wananyamaza. Wale watu 11 wa Kijitonyama, je, kuna hata mmoja aliyewahi kukuambia mkutanoni kwamba wazo lako halifai? Kama hakuna, basi jua kwamba palikuwa na usiku wao wa Mei pia, na hukuusikia.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi. Katika barua yako nimekutana na mama yako, mdogo wako, meneja, mkuu wa idara, kijana wa miaka 24, mwenzako aliyepandishwa na rafiki mwenye ushauri wa nusu, na karibu kila mmoja ana neno alilosema au jambo alilofanya. Mke wako umempa kazi tu. Anataka nini, hukuandika. Umemwahidi miezi sita, imekuwa 18, na kila mara sababu imekuwa cheo, ambacho hakuna sheria inayokidai. Mwenzi wa mwenye Kadi ya Bluu hahitaji cheti cha Kijerumani ili apewe viza ya kumfuata, na akifika anaruhusiwa kufanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza. Kwa uuguzi wenyewe itachukua muda, maana atahitaji Kijerumani cha B2 na mafunzo yake yalinganishwe na ya huko, na huenda akatakiwa kufanya kozi ya nyongeza au mtihani. Ni njia ndefu, lakini ipo, na wauguzi wanahitajika. Binti yenu atapata chekechea bila ada, kwa kuwa Berlin iliifuta mwaka 2018 na wazazi huchangia chakula tu, euro 23 kwa mwezi, na serikali itawapa kila mwezi posho ya mtoto, ambayo kwa mwaka huu wa 2025 ni euro 255. Hata kodi ya mshahara wako, ambayo sasa unakatwa kama mseja kwa kuwa mwenzio yuko nje ya Ulaya, itapungua. Kigumu cha kweli ni nyumba, na Berlin haina huruma kwa anayetafuta. Anza kutafuta vyumba viwili sasa badala ya kungoja vinne. Yeye huko Tanga aanze kufuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili, cheti cha ndoa na cha mtoto, kwa sababu ukaguzi wa nyaraka hula miezi.

Au huenda hataki kuja. Ana ajira serikalini, ana wazazi wake, ana maisha ambayo ameyaendesha peke yake kwa mwaka na nusu, na inawezekana kwamba anachokingoja ni wewe urudi. Hapo nafasi ya Dar inakuwa na sura nyingine kabisa, na nitayafuta mengi niliyoyasema juu yake, kwa kuwa utakuwa unarudi kwa watu wako na si unaukimbia mkutano wa wiki. Siwezi kujua, na wewe pia huwezi, kabla hujamwuliza.

Waandikie Dar es Salaam leo, kwa heshima, uwaombe wiki tatu zaidi. Kampuni inayomtaka mtu kweli hungoja wiki tatu. Jumapili hii, mkeo akiwa hayuko zamu, mpigie na umweleze yote: cheo ambacho hakikuja, usiku wa Mei, barua ya Dar na tarehe ya kibali ilivyo kweli. Usimpangie jibu wala usimpe hitimisho lako kwanza. Kisha niandikie tena, na safari hii uniandikie alichosema yeye.

Shangazi